Maswali Kumi na Nane kwa Kiboko wa Saloum

Gazeti la Mchanga,
Dakar,
2 Aprili 1996

Kwa Latyr Ndour, Kiboko wa Saloum,
kwa mkono wa mjomba wake, Mzee Waly Ngom, Foundiougne

Ndugu Latyr,

Salamu nyingi, na pole kwa mazoezi. Mimi ni Soukeyna Kane, mwandishi wa mieleka yetu ya ngumi katika Gazeti la Mchanga. Kila Ijumaa tunatoa ukurasa uitwao "Mjue Mwanamieleka", na kwa kuwa tarehe 19 Mei utapambana na Gora Seck, Nyundo wa Pikine, mhariri wangu anataka nyinyi wawili mtokee pamoja kabla ya siku hiyo.

Watu wanakijua kifua chako na ngumi zako. Wewe mwenyewe hawakujui. Kwa hiyo nimekuandalia maswali kumi na nane, yako katika karatasi ya pili. Mengine ni mepesi: ulizaliwa siku gani, mama yako anaitwa nani, asubuhi ya pambano unakula nini, unaingia uwanjani kwa mguu upi. Mengine yatakutaka ukae chini kidogo. La kumi na moja linauliza ni jeraha gani limekusumbua zaidi. La kumi na tano, unaogopa nini. La kumi na saba, kama mieleka isingekuwepo duniani, ungekuwa nani.

Jibu kwa maneno yako. Usihangaike na mwandiko, nimeshasoma miandiko ya madaktari.

Wako katika kazi,
Soukeyna Kane

*

Foundiougne,
9 Aprili 1996

Binti Kane,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama. Nilipofika swali la pili nikatafuta kiti.

Siku aliyozaliwa na jina la mama yake! Binti, hivyo ndivyo vitu viwili vya kwanza anavyovitafuta mtu anayetaka kumfunga mwanamieleka miguu na mikono kabla hajaingia uwanjani. Halafu ukaongeza chakula, halafu mguu. Ulibakiza kuomba ukucha wake na uzi wa nguo yake. Kijana huyu nimemlea tangu ana miaka minne, dada yangu alipobaki mjane. Ni mimi ninayemwogesha dawa, ni mimi ninayemfunga hirizi, na hata mke wangu Siga hajui huo mguu ni upi.

Nimekuwa karani wa posta miaka ishirini na sita. Naijua barua iliyoandikwa na barua iliyotumwa. Nani kakutuma? Kama ni Gora, mwambie Waly Ngom hajazeeka kiasi hicho.

Latyr hajaiona barua yako wala hataiona. Jina lako la Kane linaonyesha wewe ni mtani wangu, na ndiyo maana tu bahasha hii sikuitia pilipili.

Waly Ngom,
mjomba na msimamizi wake

*

Dakar,
15 Aprili 1996

Mtumwa wangu Waly,

Kumbe unajua mimi ni mtani wako na bado unaniandikia kwa sauti hiyo? Nyinyi Waserer mkipewa karatasi mnaigeuzageuza mkitafuta wali uliko. Basi tulia, hii haina wali, ina maswali tu.

Sikutumwa na Gora. Gora mwenyewe ameshajibu yote kumi na nane, na la mama amelijibu kwa mistari sita. Tarehe 3 Mei kurasa mbili zitatazamana. Wa Nyundo umejaa mpaka pembeni. Wa Kiboko ukibaki mweupe, mhariri ana kichwa cha habari tayari: "Kiboko Aogopa Kalamu." Nimemsihi asubiri wiki moja.

Sasa niseme bila mzaha. Nimeandika habari za wanamieleka kwa miaka sita. Mtu akiangushwa, watu humsahau kabla hajajipangusa mchanga mgongoni. Ukiwauliza baada ya mwaka alikuwa mtu wa namna gani, wanakumbuka alivyoanguka tu. Mimi nataka wakumbuke kitu kingine. Ndiyo maana nauliza, na ningependa Latyr mwenyewe ayaone maswali haya.

Bibi yako kwa utani,
Soukeyna

*

Foundiougne,
22 Aprili 1996

Mtani,

Umeshinda. Hakuna mtu wa Saloum aliyewahi kuogopa kalamu, na hiyo hadithi haitaanzia kwangu. Majibu nimeyaandika mwenyewe kwa niaba ya Latyr, kwa kuwa yeye ni mtu wa vitendo, na ni ya kweli tupu.

Alizaliwa Jumanne, mwezi wa mavuno. Mama yake anaitwa Mossane. Asubuhi ya pambano anakula uji wa mtama na maziwa mgando. Anaingia kwa mguu wa kulia. La kumi na tano, haogopi kitu. La kumi na saba ni swali la kipuuzi: kama mieleka isingekuwepo, angeianzisha.

La kumi na moja limeninyima raha siku mbili. Nilitaka kulifuta, lakini nimekuahidi kweli. Tangu mvua za mwaka jana, baada ya ngumi aliyopigwa kule Kaolack, jicho lake la kushoto halioni sawasawa. Akijiwa upande huo anachelewa kugeuka. Kama una utu, liandike kwa ufupi, katikati ya mengine, lisionekane sana.

Waly Ngom

*

Foundiougne,
6 Mei 1996

Mtani wangu mpendwa,

Gazeti limefika mapema. Nimecheka mpaka Siga akaniletea maji ya kunywa. Umeandika vizuri sana, hasa lile la kumi na moja, umelipitisha kimya kimya kama nilivyokuomba. Watu wa Gora watalikuta na kudhani wameokota dhahabu.

Sasa kwa kuwa limeshachapishwa, nikutoe ushamba. Mossane ni mbuzi wangu. Jumanne ndiyo siku niliyonunua baiskeli. Uji wa mtama hata haugusi. Na jicho? Macho ya Latyr yote mawili ni mazima kuliko ya kwangu na ya kwako yakijumlishwa. Nilikaa siku mbili nikitafuta udhaifu wa kutunga. Goti nililiacha, kila kambi inasingizia goti. Mgongo hauna ladha. Ndipo likanijia jicho, na la kushoto, kwa sababu ngumi ya Latyr iliyowalaza wanaume tisa ni ya mkono wa kushoto. Gora atamjia upande huo akidhani kuna giza, na atakutana nayo.

Usinune. Umenisaidia kushinda pambano kubwa kuliko yote tuliyowahi kupata, na watu wa Saloum wakijua watakushonea kanzu. Keshokutwa tunaingia kambini. Siku kumi hakuna mgeni, na mwanamke ndiyo kabisa, hata awe mtani.

Mtumwa wako leo tu,
Waly

*

Foundiougne,
7 Mei 1996

Dada Soukeyna,

Hunijui. Mimi ndiye Latyr Ndour. Barua hii nampa muuguzi wa zahanati anayekuja Dakar kwa semina, akuletee mkononi.

Nani alikuambia habari ya jicho langu? Jana kijana mmoja alinisomea gazeti lako kwa sauti mbele ya watu, wakacheka wakisema waandishi hawa kwa uongo, nami nikacheka pamoja nao. Nilidhani ni mimi na daktari wa Kaolack tu tunaojua.

Ni kweli. Kushoto sioni. Mwanzoni niliona kama pazia limeteremka nusu, halafu likashuka lote. Nililigundua kwa sindano. Nina cherehani ya zamani ya marehemu baba, huwa nashona nikiwa peke yangu, na siku moja uzi ukawa unapita kando ya tundu kila nikijaribu. Daktari alisema la kushoto limeshakwisha, na la kulia nalo limeanza kulegea kwa ndani. Alisema pigo moja la kichwa likikaa vizuri, naweza kubaki gizani moja kwa moja. Nilimlipa, nikarudi nyumbani, nikakaa kimya.

Kilichoniumiza ni jambo lingine. Majibu yale yaliandikwa na mjomba, amesema mwenyewe; mengine ameyatunga, hata mama kampa jina la mbuzi, lakini hili la jicho ni kweli. Kwa hiyo mjomba anajua. Sijui alijua vipi, labda aliniona nikikosa mlango, yeye ni mtu wa kuona mambo. Anajua, hajaniambia neno hata moja, na ananiandaa kwa Gora kama kawaida. Ananiogesha, ananifunga hirizi, anaimba. Jana alinipiga begani akasema mwaka huu ni wetu. Nilimtazama nikitafuta kama kuna huruma mahali, sikuona.

Simlaumu. Amenipa miaka ishirini ya maisha yake. Hakuoa mke wa pili, hakujenga nyumba, kila alichokuwa nacho alikiweka kwangu. Kama yeye amepima akaona pambano hili lina thamani kuliko macho yangu, basi nitapambana.

Usinijibu. Barua zote huku zinafunguliwa na yeye. Na nakuomba usimwambie mtu kwamba lile ulilochapisha ni kweli. Maswali yako sikuyaona mpaka nilipoyasikia gazetini. Lile la kumi na saba hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Ningekuwa fundi cherehani.

Latyr Ndour

*

Dakar,
13 Mei 1996

Mzee Waly,

Leo hakuna utani. Soma barua hii ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho.

Uongo uliotunga ni kweli. Latyr haoni kwa jicho la kushoto. Haoni kabisa. Ni ile ngumi ya Kaolack, ile ile uliyoitaja ukidhani unatunga. Daktari amemwambia jicho la kulia nalo liko hatarini, na pigo moja linaweza kumwachia giza la maisha. Amekuficha tangu mvua za mwaka jana.

Ameniandikia mwenyewe na kunikataza nisimwambie mtu. Ahadi hiyo naivunja sasa hivi na sijui kama atanisamehe. Barua yako na yake zilifika mezani kwangu siku moja. Nilisoma yako nikakasirika, nikafungua yake, nikabaki nimeshika moja mkono huu na nyingine mkono huu, nikashindwa hata kumwita mhariri. Ni mimi niliyelichapisha. Gora anajua pa kupiga kwa sababu yangu, na yako.

Na kuna baya zaidi, Mzee. Latyr anaamini unajua. Anadhani ulilijua jicho lake, ukalitoa gazetini kwa mkono wako, na bado unampeleka. Wewe hujui, yeye hajui kwamba hujui, na mimi nimekaa hapa katikati na kalamu.

Nimepiga simu posta ya Foundiougne mara tatu. Wanasema umeshaingia kambini. Jumamosi iliyopita nilifunga safari mpaka kwenye uzio, vijana wako wakanirudisha, mmoja akanichekea kwamba Gora ametuma mwanamke. Barua hii anakuletea Babacar, anayewapelekea barafu. Nimemwambia aiweke mkononi mwako na si kwa mwingine.

Msimamishe. Sema anaumwa tumbo, sema lolote. Uongo haukushindi.

Soukeyna Kane

*

Foundiougne,
21 Mei 1996

Binti Soukeyna,

Uliona kwa macho yako. Nilikuona upande wa waandishi umeshika kichwa kwa mikono miwili. Lakini uliona kwa mbali, na kuna mambo ambayo hukuyasikia, nami nisipoyatoa kwa mtu yatanipasua.

Barua yako niliipata Jumamosi mchana tukipakia mizigo. Niliisoma. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikawaonyesha wazee wenzangu bahasha, nikawaambia, oneni, Gora amekosa usingizi, sasa anatumia machozi ya mwanamke ili tumtoe kijana wetu bila jasho. Wakanisifu. Nikaitia mfukoni mwa kanzu yangu ya sherehe. Miaka yangu yote posta, barua ya kweli ndiyo iliyonishinda kuitambua.

Jumapili uwanja ulijaa mpaka ukutani. Ngoma zimeshika, Latyr amechezeshwa, ameimbiwa, mimi nina kibuyu cha maziwa tayari kummwagia. Nikamkaribia. Karatasi ikakwaruza mfukoni. Nikajiambia, Waly, maliza ujinga huu, hakikisha uendelee na kazi. Nikapita nyuma yake, nikatokea kushoto kwake bila kusema, nikainua kibuyu mbele ya uso wake kabisa, karibu na kope. Hakupepesa. Nikakisogeza zaidi. Alikuwa anatazama mbele, anaimba taratibu, mkono wangu uko pale pale na kwake haupo.

Binti, hapo ndipo nilipojua. Sikumbuki kibuyu kilianguka saa ngapi, nilikiona tu chini kimepasuka, na watu wa Saloum wakashangilia wakidhani ni dawa mpya.

Nikamgeuza, nikamwambia, "Latyr, jicho lako."

Akaniambia polepole, kama mtu anayenituliza mimi, "Mjomba, si unajua? Ulilitoa gazetini mwenyewe. Nilidhani umeshalipima ukaona sawa. Usiogope, nitajitahidi asinipige upande ule mwingine."

Hayo ndiyo aliyosema. Nitajitahidi asinipige upande ule mwingine. Kijana niliyembeba mgongoni akiwa na surua aliamini kwamba nimeyapima macho yake mawili na pambano moja, nikachagua pambano, na alikuwa amekubali. Hakuwa hata na hasira. Nilitaka kumwambia sikujua, sikujua, mbuzi, baiskeli, yote nilitunga. Kabla sijaanza, mwamuzi akamwita. Akaniacha nimesimama pale, akaenda.

Kanuni naifahamu kuliko mwamuzi. Filimbi ikishalia, msimamizi akikanyaga ndani ya duara, mtu wake ameshindwa. Filimbi ililia. Gora akaanza kuzunguka, na moja kwa moja alielekea kushoto, kama nilivyomwelekeza. Aliinua mkono. Nikaingia. Sikumbuki nikikimbia, lakini wanasema nilikimbia. Nilimkumbatia Latyr kwa nyuma, akahangaika kunitupa, na angeweza, ni mzito mara mbili yangu, lakini alinijua kwa harufu ya tumbaku akaacha.

Yaliyobaki uliyaona. Chupa, viti, askari, kanzu yangu ikichanwa nikitolewa nje. Latyr hajaniambia neno tangu siku ile. Amehamia kwa mama yake, umbali wa nyumba tatu, na akinikuta njiani anavuka upande wa pili. Hapa mjini wanasema nilikula hongo ya Gora. Mlangoni pangu wamemwaga uchafu mara mbili. Siga anausafisha.

Sasa nakuomba. Usiandike habari ya jicho. Mwanamieleka akishajulikana haoni, ameshazikwa, na jina la Kiboko ndilo kitu pekee nilichowahi kumpa. Waache waseme nilikula. Mimi ni mzee, itapita au mimi nitapita. Na Latyr usimwandikie kwamba sikujua. Nimelifikiria sana. Akijua, atasimama sokoni anitetee, na atalazimika kusema kwa nini niliingia.

Waly Ngom

*

Dakar,
28 Mei 1996

Mzee Waly,

Nimetii, na sipendi nilivyotii.

Niliandika nilichokiona tu: kwamba filimbi ililia, Mzee Waly Ngom akaingia, pambano likaisha. Magazeti mengine hayakuona haja ya kuishia hapo, nayo yamechapisha hata hongo ilikuwa kiasi gani, kila moja na hesabu yake. Mhariri wangu anauliza kwa nini mimi niliyekuwa nikiandikiana nawe sina la kusema. Nimemwambia sina.

Nilipoona unakimbia na kanzu yako ndefu ukielekea katikati ya wale watu wawili, nilipiga kelele. Mwenzangu aliniuliza ninamshangilia nani. Nililia mbele ya wanaume wa magazeti yote ya Dakar na sikuona haya.

Lakini nikwambie ukweli. Umempa Latyr macho, na umemwachia imani kwamba mtu aliyemlea alimuuza mara mbili, kwanza kwa jicho kisha kwa hongo. Hiyo nayo ni ngumi. Nitanyamaza kwa sababu umeniomba na kwa sababu nimeshavunja ahadi moja mwaka huu. Lakini usiniombe niseme umefanya vema.

Mtani wako,
Soukeyna

*

Foundiougne,
23 Juni 1996

Dada Soukeyna,

Barua hii nimeiandika mwenyewe, na mjomba anajua naiandika. Yuko hapa mbele yangu anakoroga chai, anajifanya hatazami.

Wiki iliyopita Siga, mke wa mjomba, alikuja kwa mama na kanzu ya mjomba iliyochanwa uwanjani. Akasema hakuna fundi mjini anayekubali kuigusa, wanasema ni kanzu ya msaliti. Akaniwekea mapajani akaondoka. Nilitaka kuitupa nje. Mama akasema usitupe nguo ya mtu, ishone uirudishe, kisha mkasirikie ukipenda.

Mama akanitungia uzi, nikaanza. Nilipofika mfukoni nikakuta barua yako ya tarehe 13 Mei. Nikaisoma. Nikafika pale ulipoandika "wewe hujui, yeye hajui kwamba hujui." Nikarudi juu, nikaanza upya. Dada, mimi nimepigwa na wanaume wakubwa maishani mwangu, sijawahi kupigwa namna hiyo. Siku zote zile kabla ya pambano nilikuwa nimelala nyumba moja na mtu ambaye hajui lolote, nikimhesabia dhambi asiyoijua. Na yeye alijua ninavyomdhania tangu siku ile uwanjani, akaniacha niendelee.

Nilikwenda kwake na sindano ikiwa bado inaning'inia kwenye kanzu. Alikuwa nje anasugua mlango, wamemwaga tena. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia, ungesema." Nikamwambia nitasema. Akaanza kunifokea kama zamani, kwamba nimekosa adabu, kwamba jina halijengwi mara mbili, kwamba Kiboko ni Kiboko. Nikamwacha amalize. Kisha nikaichukua brashi mkononi mwake nikasugua mwenyewe. Akakaa kwenye kizingiti akafunika uso, na nilimsikia analia, jambo ambalo sikujua analiweza.

Kwa hiyo chapisha. Chapisha barua yangu ya tarehe 7 Mei, yako ya tarehe 13, na ya kwake ya tarehe 21 Mei ambayo ameniambia alikuandikia, na hii. Usipunguze. Andika kwamba Latyr Ndour haoni kwa jicho la kushoto na hatapiga mieleka tena, na kwamba mjomba wake aliingia kwenye duara mara alipojua, hata dakika moja hakuchelewa. Walioandika hongo waandike upya, na wasipoandika, mimi nitasimama msikitini Ijumaa nilisome gazeti lako kwa sauti.

Mjomba bado anabisha. Sasa hivi ameniambia niandike kwamba jicho lenyewe linaweza kupona. Halitapona, tulikwenda Kaolack pamoja Alhamisi, daktari alimwambia mbele yangu. La kulia limeshikiliwa, lisipopigwa litabaki. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akauliza maswali mengi kuliko yako, akatoka nje akakaa juu ya tofali.

Kuanzia siku ile tukienda sokoni anatembea kushoto kwangu. Nikigeuka anazunguka, nikivuka barabara anavuka na kurudi pale pale. Watu wanatugonga kwa sababu yake, naye anawatukana. Hajaniambia kwa nini anafanya hivyo, na mimi sijamuuliza.

Latyr Ndour